Jembe la Mgeni

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haimfukuzi mgeni. Yamwonya tu kuwa raha ya nyumba ina jasho la wenyewe. Lakini mgeni wa likizo huja kwa nauli yake, hulala na kula kwa fedha yake, na siku ya tatu hapana ampaye jembe. Je, amekwisha kulipa deni lake?

Mfano wake waonekana Lyon, mji wa Ufaransa ulio penye makutano ya mito ya Rhône na Saône. Asubuhi mgeni hutembea sokoni kando ya Saône akichagua jibini na matunda. Adhuhuri huketi katika mkahawa mdogo, ambao watu wa huko huuita bouchon, meza zimebanana, akaletewa matumbo ya ng'ombe yaliyokaangwa, mkate na mvinyo. Hana saa ya kukimbilia. Aonja maisha ya kila siku pasipo taabu za kila siku.

Furaha hiyo si aibu. Mtu hakuumbwa awe mtumwa wa kazi, na likizo yenyewe ni haki iliyopatikana kwa shida: wafanyakazi wa Ufaransa walipewa majuma mawili ya likizo yenye malipo kwa sheria ya mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa.

Lakini mezani huletwa pia jibini laini iliyochanganywa na majani mabichi, vitunguu, mafuta na siki. Jina lake ni cervelle de canut, yaani ubongo wa mfuma hariri. Jina lachekesha, habari yake haichekeshi. Wafumaji wa mtaa wa Croix-Rousse walifuma vitambaa vilivyovaliwa na matajiri, na mwaka 1831 waliasi kwa sababu wafanyabiashara walikataa kuwalipa ujira uliokubaliwa. Waliasi tena mwaka 1834, wakashindwa kwa nguvu za jeshi. Hata sifa ya mapishi ya Lyon ilijengwa kwa mikono iliyotumika. Eugénie Brazier alichunga nguruwe utotoni, akawa mtumishi wa nyumba za watu; mwaka 1933 mikahawa yake miwili ikapewa nyota tatu kila mmoja na kitabu cha Michelin.

Basi fedha hulipa bei ya sahani. Haiwezi kulipa yote yaliyomo. Lililosalia hulipwa kwa kujua na kushukuru, na hilo ndilo jembe la mgeni. Hukumu yake haiko Lyon, iko kwao. Aliyemsifu mpishi wa ugenini, kisha akarudi asimwone awashaye moto jikoni mwake alfajiri, tumbo lake ndilo lililosafiri. Bali aliyerudi akaketi polepole mbele ya chakula cha nyumbani, akauliza kimetoka mikononi mwa nani, huyo amelima.