Ufunguo wa Dirisha Uko Wapi?

Kuanzia Mbagala hadi Mbezi, jijini Dar es Salaam, nondo za madirishani ni kinga ya vibaka. Hakuna anayezilaumu, mpaka usiku moto ukiwaka sebuleni na mlango ndio huo huo mmoja.

Februari 2015, Kipunguni huko Ukonga, moto uliua watu sita wa familia moja.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa kupiga 114, bure. Lakini gari lao litapenyaje vichochoro vya Tandale, ambako hata bajaji hupishana kwa taabu? Dakika za mwanzo ni za wenye nyumba.

Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza dirisha moja la nondo zinazofunguka kwa ndani. Ufunguo wake huning'inizwa msumarini, pale mkono wa mtoto unapofika gizani na wa mwizi haufiki. Moshi hupanda, hivyo watoto hujifunza kutambaa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutanda sakafuni; harufu ikisikika, swichi haiguswi, hufunguliwa milango.

Wakishatoka nje, wote wakutane chini ya mwembe wa jirani, wahesabiane. Televisheni hairudiwi ndani. Na bibi wa chumba cha nyuma, nani atamtoa? Hilo hupangwa leo, mezani, chai ikiwa bado ya moto.