Kasoro Isiyoandikwa kwenye Bango

Mwenye nyumba anayetafuta mpangaji anaruhusiwa kutangaza mazuri ya chumba chake na kunyamazia aibu zake? Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alilijadili swali hili kwa mfano wa nyumba inayouzwa kwa sifa ya kuwa salama kwa afya, ilhali mwenyewe anajua kwamba vyumbani mna nyoka na mbao zimeoza. Akasimulia hoja za wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji ataje tu kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, kwani hakumlazimisha mtu kununua. Antipater alijibu kuwa kumficha mnunuzi ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero akamuunga mkono Antipater, na alikuwa sahihi.

Dini nazo zimefikia msimamo huo. Waislamu husimulia jinsi Mtume alivyotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta chini imelowa ingawa juu ni kavu, akamkemea muuzaji. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliongeza tofauti muhimu: kasoro inayoonekana wazi si lazima itajwe, mradi bei iwe ya haki, lakini ile iliyofichika na yenye kuleta hasara au hatari ni lazima isemwe.

Katika mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, bango kwenye nguzo ya stima hutangaza singo rum, maji karibu, stima ya tokeni, na nambari ya simu. Anayekuja hupokewa na keateka, msimamizi wa ploti. Huona mwenyewe ukuta wa udongo, mabati yenye kutu, choo cha ploti nzima na mtaro mlangoni. Asichoweza kukiona ni hali ya ardhi iliyo chini ya miguu yake.

Wanajeshi wa Kinubi walikaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Jamii yao ilipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni ardhi ya serikali, kwa hiyo anayekusanya kodi ana mabati na kuta, hana kiwanja. Julai 2018 matingatinga yalibomoa nyumba na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakabaki nje.

Diogenes angesema kila mtu Kibera anajua ardhi ni ya serikali, basi hakuna kilichofichwa. Hoja hiyo ina nguvu kwa habari ya jumla. Haina nguvu pale mwenye nyumba anapojua kwamba wapimaji wamepita uani kwake, kisha akachukua dipoziti ya mgeni aliyetoka mashambani jana. Alama ya X nyekundu ya nyumba itakayobomolewa, ikipakwa chokaa juu yake, ni nafaka yenye maji chini ya kavu.

Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, mambo ni mengine. Wakati wa ukoloni ardhi yake ilikuwa upande wa hifadhi ya Wakikuyu, na ploti nyingi ziko mikononi mwa watu binafsi. Kwa hiyo uzito huhamia kwenye ahadi ndogondogo za bango: maji yaliyotangazwa kuwepo kila siku, ilhali bomba hutoa siku kadhaa tu kwa wiki.

Inabaki dipoziti. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, kupangisha ni kuuza manfaa ya kitu kwa muda, si kitu chenyewe. Kikiharibika kabisa kabla ya muda kwisha, mkataba huvunjika na kodi ya siku zilizobaki hurudishwa. Kwa kipimo hicho, mpangaji aliyelipa mwezi mzima akabomolewa nyumba tarehe kumi anamdai kwa haki aliyempangisha: kodi ya siku ambazo hakukaa, pamoja na dipoziti yote. Deni hilo halifutwi kwa kuwa keateka hapokei simu.