Mnusuruni Mtoto Anayepiga

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeturuzuku watoto, na tunamwomba amshushie rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyerefusha sijda kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni.

Ndugu zangu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, kuna jambo linafichwa sana majumbani mwetu, nalo ni mtoto anayepiga. Sisemi mtoto mtundu. Nasema yule anayemlenga mdogo wake jiwe la kichwa, anayeshika kisu akinyimwa kitu, anayevunja vyombo mpaka majirani wakatoka nje. Mama yake huja darsani na joto hili letu la Februari, na wenzake wakikunja mikono ya buibui yeye hakunji, kwa sababu chini ya ile mikono kuna alama za meno. Akiulizwa husema alijigonga mlangoni. Baba naye husema ataacha akikua.

Mtume (s.a.w.) alituamrisha tumnusuru ndugu yetu, awe anadhulumiwa au awe ndiye anayedhulumu. Maswahaba wakauliza: anayedhulumiwa tunaelewa, huyu dhalimu tumnusuru vipi? Akawafahamisha kwamba kumzuia asidhulumu ndiko kumnusuru. Hadithi hii imo katika Sahih ya Bukhari, na tukiisoma mara nyingi tunawafikiria watawala. Isomeni leo mkimfikiria mtoto wa miaka tisa. Kumfichia si kumnusuru. Kumfunga kamba kwenye mguu wa kitanda si kumnusuru. Kumtandika mpaka mkono uchoke si kumnusuru pia, maana somo analolipata hapo ni kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki ya kupiga, na yeye anangoja tu zake zifike. Anas bin Malik aliingia kumtumikia Mtume (s.a.w.) akiwa mtoto, akakaa naye miaka kumi, na akatushuhudia kwamba hakuwahi kusikia kwake hata neno la kuguna.

Najua kinachotufunga midomo ni aibu. Watu watasema mtoto hakulelewa. Basi mkumbukeni Adam (a.s.), Nabii wa Mwenyezi Mungu, ambaye damu ya kwanza ya binadamu ilimwagwa na mwanawe, na aliyeuawa ni mwanawe vile vile. Mkumbukeni Yakub (a.s.), ambaye wanawe walimtupa ndugu yao kisimani kisha wakaja kwa baba yao jioni wakilia. Nani kati yetu atathubutu kusema Yakub hakujua kulea? Mtihani wa mtoto umeingia katika nyumba za Manabii, na ukiingia kwako haukuvunjii heshima mbele ya Mola wako.

Wengine hawanyamazi, lakini mlango wanaoujua ni mmoja tu: mtoto ana jini, apelekwe kusomewa. Mimi siipingi ruqya iliyo safi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwaombea kinga Hasan na Husein. Lakini ni huyo huyo Mtume aliyempelekea tabibu Ubayy bin Ka'ab alipougua, na tabibu akamtibu kwa mikono yake. Na yule mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapewa fatwa na wenzake kwamba lazima aoge, akaoga akafa, habari zilipomfikia, Mtume (s.a.w.) aliwakasirikia sana kwa kutoa jibu wasilolijua badala ya kuuliza. Tujichunge, tusije tukawa wale. Kifafa kinaweza kumwacha mtoto amepotewa na akili kwa muda, akampiga yeyote anayemshika. Mtoto mwenye usonji, au asiyesikia vizuri, hupiga kwa kuwa hana njia nyingine ya kusema. Kuna aliyeanguka kwenye bodaboda akaumia kichwa. Kuna aliyemwona baba akimpiga mama usiku, na mchana anarudia kile alichokiona. Na kuna wavulana wetu wa madrasa walioanza kutafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, usingizi ukawakimbia na hasira ikawa karibu. Mwezi wa Mei 2024 Gavana Andrew Mwadime aliupiga marufuku katika kaunti yetu, kama walivyofanya wenzake wa Mombasa na Kilifi. Rais akasema marufuku hizo hazina nguvu ya kisheria, na muguka bado unauzwa. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza umebaki kwako wewe mzazi, ujue mwanao ana nini mdomoni.

Hayo yote yanafanana kwa nje, na dawa zake ni mbalimbali. Ndiyo maana nasema mpelekeni hospitali: Moi hapa Voi, Wesu kwa walio milimani, au hospitali ya Taveta. Msiende mikono mitupu. Chukueni daftari, muandike kwa wiki moja au mbili: alipiga saa ngapi, nini kilitangulia, alilala vipi usiku, macho yalikuwaje, alikumbuka baadaye au la. Daktari ataelewa zaidi kwa kurasa hizo kuliko kwa kumwona mtoto ametulia kwenye benchi. Visu na mapanga yawekwe mbali, na wadogo zake wasiachwe naye peke yao. Nao ni amana.

Wanaoogopa kwamba wakisema mtoto atafungwa jela, wajue kuwa Sheria ya Watoto ya 2022 iliupandisha umri wa mtoto kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Ofisa wa watoto wa serikali kazi yake ni kuwasaidia nyinyi na mtoto. Na katika dini yetu kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Kwa mzazi haikuinuliwa.

Walimu wa madrasa, mtoto wa namna hii msimfukuze mbele ya wenzake, mwiteni baba. Majirani, wacheni kumsema mama huyo kwenye foleni ya maji. Na mama, ulimi wako uchunge saa ya hasira, kwani Mtume (s.a.w.) alitukataza kuwaapiza watoto wetu, isije ikaafikiana na saa ya kujibiwa dua. Mwombee tahajjud, kisha asubuhi umshike mkono mwende kwa daktari.

Usiku mambo yakikushinda, piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Ni bure, na inapokelewa saa zote. Baba uliyesema ataacha akikua, Jumatatu omba ruhusa kazini, umpeleke wewe mwenyewe.