Nipe Mji: Aliyepewa Jibu, Je, Analijua?

Fumbo la wiki ni swali moja la hesabu au mantiki linalotolewa siku maalumu na kufungwa siku chache baadaye. Neopets, mchezo wa mtandaoni uliofunguliwa mwaka 1999, ulikuwa na fumbo la aina hiyo lililoitwa Lenny Conundrum. Swali lilikuwa moja kwa wachezaji wote, kila mmoja alituma jibu lake, mara nyingi namba tupu, na kitita cha pointi za mchezo kikagawanywa baina ya waliopatia. Mgao wa namna hiyo una kichekesho chake: anayemnong'oneza rafiki yake jibu hupunguza fungu lake mwenyewe, na bado watu hunong'onezana. Sanduku la majibu halisikii minong'ono. Aliyekesha akichora majedwali na aliyenakili kutoka kwenye simu ya jirani hufika pale na namba ileile, na hupokewa sawasawa.

Swali la falsafa linaanzia hapo. Aliyepewa jibu sahihi, je, analijua?

Plato alilijadili katika mazungumzo yaitwayo Meno, kwa mfano wa msafiri wa kwenda mji wa Larissa. Mtu mwenye dhana sahihi tu kuhusu njia, hata kama hajawahi kuipita, atawafikisha wenzake sawa na yule anayeijua. Mfano huo waweza kuhamishiwa Loresho, mtaa wa Nairobi, bila kupoteza kitu. Mgeni anayetoka katikati ya jiji la Nairobi akaambiwa apite Westlands, ashike Waiyaki Way, kisha akate kulia, atafika Loresho kama atakavyofika mwenyeji aliyezaliwa huko. Anayewangoja getini hataona tofauti. Tofauti huonekana siku njia inapobadilika, kama ilivyokuwa Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa hadi ikafunguliwa mwaka 2022: nguzo zikasimama katikati ya barabara, mizunguko ikahamishwa, na maelekezo ya kukariri yakawaacha wenyewe njia panda. Mwenyeji alizunguka. Aliyekariri alipiga simu kuuliza upya. Plato alisema dhana sahihi ni kama sanamu za fundi Daedalus, ambazo hutoroka usipozifunga. Kamba ya kuzifungia ni kujua sababu.

Katika mazungumzo hayohayo Sokrates anamwita mtumwa kijana asiyesoma hesabu na kumchorea mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la futi 4 za mraba. Anamuuliza upande wa mraba wenye eneo maradufu utakuwa na urefu gani. Kijana anasema 4, anaonyeshwa kwamba eneo linakuwa 16. Anasema 3, linakuwa 9. Anakwama, na Sokrates anafurahia kukwama huko kuliko majibu yote ya awali, kwa kuwa sasa kijana anajua kwamba hajui. Mwishowe, kwa kuulizwa hatua kwa hatua, anaona kwamba upande unaotafutwa ni mstari unaokatiza mraba wa kwanza kutoka pembe hadi pembe. Wasomaji wengi hulalamika kwamba Sokrates amemtilia kijana maneno kinywani, na lalamiko hilo lina haki kiasi. Lakini Sokrates mwenyewe anakiri kwamba kijana bado yuko kama anayeota; atajua kweli akiulizwa mambo hayohayo mara nyingi na kwa namna nyingi.

Kiswahili kina utaratibu wake wa kulipima jambo hili, na watoto huujua kabla ya kujua kusoma. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira huitikia "Tega!", na wote wakishindwa mtegaji hudai: "Nipe mji." Hupewa mji, labda Mombasa, labda Nakuru. Huuzunguka kwa maneno, hujisifia alivyopokewa na alivyokula huko, na baada ya hapo ndipo hutoa jibu. Hakuna anayeamini kwamba Mombasa imebadili mwenyewe. Hata hivyo malipo ni ya kweli kwa maana moja: hadhira imekiri mbele ya watu kwamba imeshindwa, na jibu linalofuata litakumbukwa kuwa lilitolewa, halikupatikana.

Ila kitendawili na fumbo la hesabu havifanani katika jambo muhimu. Jibu la kitendawili ni la makubaliano. Nyumba isiyo na mlango ni yai kwa sababu wazee walikubaliana hivyo; mtoto mwerevu anayejibu "kaburi" ana hoja nzuri na bado anatoa mji. Fumbo la hesabu halina mzee wa kuliamulia. Mtu akishaambiwa jibu anaweza kurudi peke yake, akalikagua hatua kwa hatua, na mwisho wake asimhitaji tena aliyemwambia. Kwa hiyo deni la fumbo la hesabu lina njia ya kulipwa ambayo deni la kitendawili halina.

Fumbo la mvushaji linaonyesha malipo hayo yalivyo. Katika pwani ya Afrika Mashariki husimuliwa mtu mwenye chui, mbuzi na majani, naye anatakiwa kuvivusha mto kwa chombo kinachobeba kimoja tu kwa safari. Huko Ulaya fumbo lenye umbo hilo limo katika mkusanyo unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804, na wanyama wake ni mbwamwitu na mbuzi, pamoja na kabichi. Chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayala. Jibu hukaririwa kwa urahisi: vusha mbuzi, rudi mtupu, vusha chui, rudi na mbuzi, vusha majani, rudi mtupu, vusha mbuzi. Safari 7. Aliyenakili anazo zote saba na hakuna iliyokosewa.

Sasa mtu mwingine atoe orodha inayoanza kuvusha majani kabla ya chui. Aliyenakili ataikataa, kwa kuwa si ile aliyopewa. Aliyelifumbua ataikubali papo hapo, kwa sababu ameshaona kwamba chui na majani wana hali moja: wote wawili wana ugomvi na mbuzi, na hawana ugomvi wao kwa wao. Ameona pia kilichomkwamisha mwanzoni, yaani dhana kwamba kilichokwisha kuvushwa kisirudishwe. Hakuna aliyeweka sharti hilo. Mtu hujiwekea mwenyewe, pengine kwa sababu kurudisha mzigo hufanana na hasara. Orodha ya safari 7 haibebi ugunduzi huu hata kwa neno moja.

Maandiko nayo yana kesi ya jibu la wizi. Katika sura ya 14 ya Waamuzi, Samsoni anawategea vijana 30 kitendawili kwenye karamu ya harusi yake, dau likiwa mavazi 30 ya kitani na 30 ya kubadilisha. Jibu lake halitafutiki kwa mantiki, maana linahusu asali aliyoikuta ndani ya mzoga wa simba na hakumwambia mtu. Wageni wanamtisha bibi harusi, naye anamlilia mumewe hadi anamtoa siri, na siku ya 7 wanalitamka jibu kwa kujiamini kabisa. Samsoni anajua walikolitoa. Cha ajabu ni kwamba analipa: anashuka Ashkeloni, anaua watu 30 na kuwapa wageni mavazi ya maiti. Yeye naye hakutega kwa haki, na wafasiri wanaomtetea hupita haraka hapo.

Shule za Kenya hulifahamu jambo hili kwa jina la mwakenya, kikaratasi cha kuibia mtihani, neno lililotokana na kundi la siri la kisiasa la miaka ya 1980. Mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, uliuliza hesabu kwa maswali 50 ya kuchagua herufi, na kwa kuwa herufi haina njia ndani yake, mwakenya ulitosha. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huweka alama za hatua kando ya alama za jibu, kiasi kwamba mtahiniwa aliyekosea kujumlisha mwishoni huondoka na sehemu kubwa ya alama. Mitihani hii miwili ya nchi moja ilikuwa na nadharia mbili tofauti za ujuzi, ingawa walioitunga huenda hawakuliweka hivyo.

Wanatheolojia wa Kiislamu walilijadili swali hilohilo kwa ukali zaidi, kwa kuwa kilichokuwa hatarini ni imani. Kufuata kauli ya mwingine bila kujua hoja yake huitwa taklidi. Katika sheria, taklidi ni jambo la kawaida: Waislamu wengi wa pwani ya Kenya hufuata madhehebu ya Shafi bila kudai hoja ya kila hukumu, na mjane anayekadiriwa na kadhi thumni ya mirathi huipokea hata kama hawezi kuitenga thumni hiyo mwenyewe. Katika itikadi palikuwa na ubishi. Miongoni mwa Waashari, wafuasi wa mojawapo ya shule za itikadi ya Kiislamu, wapo waliouliza kama imani ya mtu asiyejua hoja yoyote inasihi, na Muhammad al-Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490, alikuwa upande wa wakali. Kabla yake, al-Ghazali (1058–1111) alieleza kwamba uzi wa taklidi ulimkatikia angali kijana, na akatumia hesabu kama kipimo. Mtu akidai kwamba 3 ni zaidi ya 10, na kwa ushahidi akageuza fimbo kuwa nyoka, al-Ghazali atastaajabia uwezo wake wa kugeuza fimbo. Kuhusu 10 na 3 hatatikisika.

Mjane na mcheza fumbo hawako katika hali moja, na kuwachanganya huzaa lawama zisizo na msingi. Thumni ina kazi: kuna shamba la kugawa, na hesabu ya kadhi ikiwa sahihi shamba limegawanywa vizuri, nani aliyeipiga si hoja. Maisha hayaendi bila majibu ya kupewa. Fumbo la wiki halina shamba. Hakuna mbuzi anayengojwa ng'ambo, wala jibu lake halitumiki popote baada ya sanduku kufungwa. Kitu pekee ambacho fumbo linacho cha kumpa mtu ni ile njia. Kwa hiyo kulinakili hakufanani sana na kuiba. Kunafanana zaidi na kumtuma mtu mwingine akale chakula kwa niaba yako.

Henry Odera Oruka (1944–1995), aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliupeleka vijijini mstari huu unaotenga kupewa jibu na kuijua njia yake. Aliwahoji wazee waliosifika kwa hekima katika jamii zao, na akawatenga katika makundi mawili: wenye kuhifadhi na kueleza hekima ya jamii, na wenye kuipima kwa hoja zao wenyewe, hata kuipinga. Hawa wa pili ndio aliowaita wanafalsafa, wawe wanajua kusoma au la. Wakosoaji walidai kwamba mhoji ndiye aliyewachokonoa wazee hadi falsafa ikatoka. Ni lalamiko lilelile la Sokrates na kijana wake, limerudi baada ya zaidi ya miaka 2,000.

Kuna pia aliyepewa jibu, akalikubali, na bado akakosa raha. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant alijibu katika jarida la kila wiki la Marekani, Parade, fumbo la milango mitatu. Nyuma ya mlango mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi (mbuzi tena). Mchezaji anachagua mmoja, msimamizi ajuaye gari lilipo anafungua mwingine wenye mbuzi, na mchezaji anaruhusiwa kubadili. Akibadili, nafasi yake ya kushinda ni 2 kwa 3, kwa sababu atashindwa pale tu alipobahatisha gari tangu mwanzo. Maelfu ya barua za kupinga zilimfikia. Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati waliochapisha kazi nyingi zaidi katika karne ya 20, naye alikataa, hadi mwanahisabati mwenzake Andrew Vázsonyi alipomwonyesha kompyuta ikirudia mchezo huo mara nyingi. Alisalimu amri kwa matokeo, lakini hakuridhika. Alitaka sababu, na kompyuta haikuwa nayo.

Neno fumbo lina matumizi mengine, nayo hayana budi kutengwa na haya. Katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Kangemi, jirani na Loresho, ambako Papa Fransisko alizuru tarehe 27 Novemba 2015, Misa ya Kiswahili hutaja fumbo la imani. Mwanafalsafa Mfaransa Gabriel Marcel alitenganisha tatizo, ambalo mtu hulikuta mbele yake na kulizunguka hadi alimalize, na fumbo, ambalo yeye mwenyewe yumo ndani yake na hawezi kusimama kando alipime. Kifaransa kilimpa maneno mawili. Kiswahili hutumia moja kwa mbuzi wa mtoni na kwa Utatu Mtakatifu, na wengine huona huo ni upungufu wa lugha. Lakini umoja wa neno hauondoi tofauti ya malipo. Katika fumbo la wiki mtunzi analo jibu na njia, na kwa wiki moja anavificha vyote viwili. Katika katekisimu ya maswali na majibu mambo hugeuka: jibu hutolewa waziwazi tangu siku ya kwanza, bila kudai mji, na mtoto wa kipaimara hulikariri mbele ya mwalimu ambaye hana njia yoyote aliyomficha.