Je, Kuchunguza Kifo ni Kukosa Imani?

Katika pwani yetu mtu akifa ghafla, neno la kwanza kutoka kinywani ni kwamba hiyo ni kazi ya Mungu. Hapa Tumbe, kaskazini ya Pemba, mvuvi asiporudi na chombo chake kikaonekana kimepinduka, watu husema siku zake zimefika. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi, huita jambo hilo kudra. Sisi Wakristo huliita mapenzi ya Bwana. Maneno ni mbalimbali lakini kazi yake ni moja: hutuliza moyo, huwapa wafiwa subira, na huwaruhusu watu waende wakachimbe kaburi.

Sina ugomvi na maneno hayo, kwani ni kweli kwamba uhai wetu umo mikononi mwa Mungu. Ninachouliza ni kama mtu akishayasema amemaliza wajibu wake kwa marehemu. Na yule anayeuliza, "Alikufaje? Alikuwa na nani? Kwa nini chombo kilitoka kikiwa kimejaa vile?" je, huyo anabishana na Mungu?

Tuanze na Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, imeelezwa la kufanya maiti ikionekana imelala kondeni na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi hutoka, wakapima umbali kutoka pale ilipo maiti hadi miji inayozunguka. Wazee wa mji ulio karibu zaidi huchukua mtamba ambaye hajafanyishwa kazi, wakamshusha katika bonde lenye maji yatiririkayo, wakamvunja shingo. Kisha hunawa mikono mbele ya makuhani, na kutamka kwamba mikono yao haikumwaga damu hiyo wala macho yao hayakuona ikimwagwa, na kumwomba Mungu aisamehe damu hiyo.

Ndugu msomaji, tazama kwamba Mungu hakuwaambia wazee wale wazike na kunyamaza kwa sababu Yeye anajua yote. Aliwaamuru watoke mjini, waende hadi mahali penyewe, wapime ardhi kwa hatua zao. Wala hakusema kwamba mji ulio karibu ndio wenye hatia. Alisema mji ulio karibu ndio unaopaswa kujibu. Mtu asiye na jina aliyeuawa kondeni alipewa heshima ya kuulizwa habari zake na wakubwa wa mji mzima.

Serikali nazo ziliweka desturi yao. Uingereza, tangu mwaka 1194, waliteuliwa maofisa ambao pamoja na kazi nyingine walipaswa kuchunguza vifo vya ghafla na vya kikatili. Ofisa alikwenda palipo maiti, akawakusanya watu wa vijiji vya jirani, nao wakaitazama kwa macho yao na kuapa kusema wanalolijua. Tusiwasifu kupita kiasi, maana mfalme alitaka pia mapato, na vifo vilimletea faini. Lakini maswali yaliyowekwa wakati ule ndiyo yaliyofika hadi mahakama za Afrika Mashariki kupitia utawala wa Waingereza: aliyekufa ni nani, alifia wapi, lini, na kwa namna gani. Uchunguzi wa namna hiyo si kesi ya kumhukumu mtu. Lengo lake ni kuujua ukweli wa kifo.

Walikuwa na kanuni moja ya ajabu. Kitu kilichosababisha kifo, kama gari la ng'ombe, farasi au gurudumu la kinu, kilithaminiwa, na thamani yake ikatozwa kwa jina kwamba imetolewa kwa Mungu. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1846, baada ya mabaraza ya uchunguzi kuanza kuzitoza kampuni za reli fedha nyingi kwa ajili ya injini zilizoua watu. Nadhani kanuni hiyo haijafa ndani yetu. Hadi leo tunapenda kulaumu kitu: wimbi, injini, upepo, mkondo. Tukishakilaumu tunasema tumemwachia Mungu, na watu waliokijaza chombo hawaguswi.

Hapo ndipo inaponilazimu kuitaja meli ya MV Spice Islander I. Iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 kuja Pemba, na saa za usiku wa kuamkia tarehe 10 ikazama katika mkondo wa Nungwi. Uwezo wake ulikuwa watu wapatao 645, pamoja na mabaharia. Ilibeba zaidi ya mara mbili ya hao, na mizigo juu yake. Walionusurika wengi walishikilia magodoro, hata wavuvi na waokoaji walipowafikia. Wapiga mbizi waliletwa kutoka Afrika Kusini, lakini kina na nguvu ya mkondo viliwashinda. Miili iliyopatikana ilikuwa takriban 200. Waliobaki wamelala humo hadi leo.

Jambo la kwanza lililosemwa lilikuwa kwamba ni ajali, na ajali haina kinga. Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein, akaunda tume ya uchunguzi. Ilipotoa taarifa yake mwanzoni mwa mwaka 2012, watu wasiojulikana walipo walihesabiwa kuwa zaidi ya 1,300. Hesabu hiyo haikutoka baharini. Ilitoka nyumbani, kwa mama aliyetaja jina la mwanawe na mke aliyetaja jina la mumewe. Kama wale wote wangetosheka kusema ni kudra na kufunga mlango, marehemu wangebaki wale 200 waliozikwa, na zaidi ya elfu moja wangekuwa kama hawakupata kuzaliwa.

Hebu sasa tupime kama wazee wale walivyopima. Kutoka pale meli ilipozama, mji ulio karibu ni upi? Ni bandari iliyoiruhusu kuondoka? Ni ofisi iliyouza tiketi bila kuhesabu? Ni nahodha? Ni sisi abiria ambao tumezoea kupanda chombo kilichojaa kwa kuwa kesho ni harusi au mzigo utaharibika? Kila mmoja akipima kwa uaminifu, ataona kwamba umbali si mkubwa kama alivyodhani.

Wengine watasema kuuliza sana ni kuwatia hatiani waliokufa, kwamba nao walipanda wakiona meli imejaa. Bwana Yesu alilijibu jambo hili. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha anawageukia walio hai na kuwataka watubu. Kwake yeye, kifo cha ghafla hakitupi ruhusa ya kumhukumu marehemu, na hakituachi sisi tuliobaki tukae vilevile.

Wengine wanasema kuchunguza ni kufukua kidonda. Hoja hii ina uzito, hasa kwetu ambao tumefundishwa kuwa heshima ya maiti ni kuzikwa upesi. Mama anayemlilia mwanawe hataki kusikia habari ya daktari na kisu. Hatuna budi kwenda kwake kwa upole, na kuna wakati familia ina haki ya kuomba iachwe. Lakini Pemba tunajua pia kidonda kilichofunikwa kinavyokuwa. Tarehe 27 Januari 2001 watu walipigwa risasi katika maandamano, Wete, Micheweni na kwingineko, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Baada ya mwafaka wa vyama viwili, tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita iliyataka maelezo ya watu na ikataja vifo 31. Wapo waliosema idadi ni ndogo. Lakini kwa mara ya kwanza taarifa ya dola yenyewe ilikiri kwamba watu hao walikufa na jinsi walivyokufa. Palipokiriwa kitu, watu wanaweza kuanza kusemezana. Palipokanwa kila kitu, hata salamu barabarani huwa nzito.

Hata hivyo tusiutazamie uchunguzi utupe yale usiyoweza. Padre John Kaiser, Mmarekani wa Shirika la Mill Hill, alihudumu Kenya kwa zaidi ya miaka 30, na alitoa ushahidi hadharani juu ya wakubwa aliowahusisha na mapigano ya kikabila. Mwezi Agosti mwaka 2000 alikutwa amekufa karibu na Naivasha, kichwa kimepigwa risasi. Wapelelezi wa Marekani waliosaidia wakasema alijiua. Maaskofu wa Kanisa Katoliki hawakukubali, wakadai uchunguzi wa hadhara. Tarehe 1 Agosti 2007 hakimu aliamua kwamba padre aliuawa. Nani aliyemuua, hakimu hakuweza kutaja. Miaka saba ya kusubiri, na jina la muuaji halikupatikana.

Je, ilikuwa kazi bure? Mimi nasema hapana. Maaskofu wale waliamini ufufuo na hukumu ya mwisho, na bado walikwenda mahakamani, kwa sababu uongo juu ya marehemu ni uongo juu ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Walipofikia mwisho wa uwezo wa binadamu, ndipo walipomwachia Mungu sehemu iliyobaki. Huko ndiko kumwachia Mungu. Kumwachia Mungu kazi aliyotuagiza tuifanye sisi ni uvivu uliovaa kanzu.

Kwa hiyo, ndugu wapendwa, msiba wa ghafla ukitufika, tuseme kwa unyenyekevu kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Kisha tuulize. Tume ikiita mashahidi, twende tukaseme tulichokiona, hata kama kinamgusa jamaa yetu. Majina ya waliopotea tuyaandike, tuyatunze kanisani, na jirani yetu Mwislamu aliyefiwa tumsindikize ofisini akiyataka ya kwake yaandikwe. Na siku tukifika bandarini tukakuta chombo kimejaa, tushuke, tuwaambie na wengine washuke, hata kama kesho yake kuna harusi.