Frateri, Kutamani Tuzo ni Dhambi?



Wanachuo huniuliza sana swali hili, hasa wapiga kinanda wa kwaya na wale wanaohangaika na utafiti wa shahada ya kwanza: nikitamani jina langu litajwe, nakosea? Wanakumbuka Mathayo 6, kwamba mema yetu tuyafanye kwa siri. Lakini sura moja tu nyuma, Yesu huyo huyo anataka nuru yetu ionekane na watu. Sasa tushike lipi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino hailaani sifa. Kwake, sifa inakuwa ya bure ukijivunia kitu kisichostahili, au ukiitafuta kwa watu wasioweza kupima sawasawa, au usipoielekeza kwa Mungu na kwa faida ya jirani. Hiyo ya pili inatuhusu sana sisi tunaohesabu laiki.

Ila kuna upande tunausahau: yule anayetoa sifa. Mchukulie Mtanzania mwenzetu, Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, aliweka kwenye friji maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne alirudi chuoni akaagiza jambo lijaribiwe. Fundi wa maabara akaleta jibu kwamba ya moto yameganda kwanza, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! Makala yao ilitoka mwaka 1969, wakati Mpemba anasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, na jina lake limetangulia la mhadhiri.

Osborne angeweza kuandika peke yake, na nani angemwuliza? Kwa hiyo mimi naona pale Mpemba hakupewa zawadi, alilipwa deni la haki. Na kama angekataa jina lake lisiandikwe, eti kwa unyenyekevu, msomaji angedanganywa kuhusu nani aliyeona kwanza. Unyenyekevu wa namna hiyo, jamani, mimi siuamini. (Wanafizikia bado wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli. Sawa tu, aliyeuliza ni yeye.)

Kwenye muziki namfikiria Lili Boulanger, mwanafunzi wa utunzi kule Paris. Mwaka 1913, akiwa na miaka 19, alishinda Prix de Rome, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya kwanza ya utunzi. Waliompima walikuwa wanaujua muziki, kwa hiyo hata kwa kipimo cha Thoma sioni shida kama aliifurahia. Lakini alikuwa mgonjwa tangu utotoni. Mwaka 1918, hana tena nguvu ya kuandika, alimtajia dada yake Nadia noti za "Pie Jesu", sala ya kuwaombea marehemu pumziko, naye Nadia akaandika. Akafariki Machi mwaka huo, miaka 24. Hapo hapakuwa na shindano lolote, na bado aliimaliza.

Ni wimbo wa sauti moja, vinanda vya nyuzi, kinubi na ogani. Kwaya za vyuoni wenye soprano mzuri na kinanda kimoja, Novemba, mwezi wa marehemu, ujaribuni.