Mamlaka Yasiyo na Kiti

Katika kasri la Versailles kulikuwa na ngazi ya faragha iliyounganisha vyumba vya Mfalme Louis wa 15 na vile vya ghorofa ya juu alimokaa Jeanne-Antoinette Poisson. Mwanamke huyu, mzaliwa wa Paris mwaka 1721, hakutoka ukoo mtukufu. Mwaka 1745 mfalme alimfanya hawara wake rasmi, akampa na cheo cha Marquise de Pompadour.

Hakuwa na wizara wala muhuri. Hata hivyo, waziri aliyetaka jambo lake lifike kwa mfalme alijua pa kupitia. Nao wanaodai kuwa alitawala kwa kitanda wanapotoka: tangu mwaka 1750 hivi mambo ya kitanda yalikwisha baina yao, lakini sauti yake iliendelea kusikika hadi alipofariki mwaka 1764.

Je, anayeamua nani asikilizwe anatawala? Nadhani anatawala, ila kwa mkopo. Waziri akifukuzwa, wizara hubaki na kazi yake hurithiwa. Pompadour angefukuzwa asingebakiza hata meza. Tazama mfano mmoja: mwaka 1752 baraza la mfalme lilipiga marufuku juzuu mbili za kwanza za *Encyclopédie*, kamusi kubwa ya maarifa ya Diderot na wenzake. Miaka mitatu baadaye Maurice Quentin de La Tour alionyesha picha ya bibi huyu: kashika karatasi za muziki, na mezani, miongoni mwa vitabu, imo juzuu ya kamusi ileile. Ujasiri ulioje! Lakini mwaka 1759 kibali cha kamusi hiyo kilifutwa, na yeye angali palepale Versailles. Aliweza kuchorwa nayo, kuilinda hakuweza.

Lawama, kwa upande wake, hazikuwa za mkopo. Mwaka 1756 Ufaransa ilifanya urafiki na Austria, hasimu wake wa zamani, na mazungumzo yaliendeshwa na Bernis, rafiki wa Pompadour. Mwaka uliofuata, vita vikiwa vimeanza, jenerali Soubise, kipenzi chake mwingine, alichapwa vibaya na Waprusi huko Rossbach. Mwaka 1763, vita hivyo vilipokwisha, Kanada ikaenda kwa Waingereza. Sisemi hana hatia. Kumbeba Soubise lilikuwa kosa. Ila majeshi yalikwenda vitani kwa amri ya mfalme, na kidole kikaelekezwa kwa mwanamke. Utawala unaoshikilia kwamba mfalme amewekwa na Mungu huona taabu kukiri kuwa mfalme amekosea, kwa hiyo kosa hutafutiwa mwenyewe. Naona hiyo ndiyo kazi ambayo hawara wa mfalme aliifanya bila kuajiriwa.

Louis alikufa kwa ndui mwaka 1774, kitandani mwake. Madame du Barry, aliyeshika nafasi ya Pompadour, alikatwa kichwa na wanamapinduzi mwaka 1793.